Kipaka Akiugua na Akifa: Mwongozo kwa Watu wa Lamu

Lamu ni mji wa punda na paka. Magari ni ya kuhesabu, vichochoro ni vya miguu, na tangu soko la samaki hadi madaka ya Mkomani huendi mbali bila kumruka paka aliyejilaza njiani. Karibu kila nyumba ina wake, na watoto wengi hapa wameshampenda kipaka na kumpoteza kabla hawajamaliza juzuu ya kwanza chuoni.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye kipaka wake amejikunyata pembeni leo na hataki kula. Hata hivyo sehemu yake kubwa inahusu siku za baada ya kifo, kwa sababu hapo ndipo watu wengi huharibu. Ugonjwa unaoua vipaka kwa wingi hauendi kaburini na maiti. Hubaki kwenye mkeka na sakafuni, ukamkuta kipaka wa pili, yule anayeletwa haraka haraka ili mtoto anyamaze kulia.

Kwanza ujue ni maradhi gani

Vipaka hufa kwa mengi: minyoo, mafua makali, viroboto wanaonyonya damu mpaka fizi zikawa nyeupe. Lakini kipaka wa miezi miwili hadi sita ambaye hakuchanjwa, akishikwa ghafla na akazidiwa ndani ya siku moja au mbili, cha kushuku kwanza ni panilukopenia. Ni virusi vya jamii ya parvo, na vinashambulia zile sehemu za mwili ambazo chembe zake hugawanyika upesi: utumbo na uboho wa mifupa. Utumbo ukichubuka, kipaka hutapika na kuhara. Uboho ukizimwa, chembe nyeupe za damu hupungua hadi kukaribia kwisha, na bakteria waliokuwa tumboni huingia kwenye damu pasipo wa kuwazuia. Wengi hufa kwa hilo la pili pamoja na kukaukiwa maji.

Dalili huanza siku 2 hadi 10 baada ya kuambukizwa. Kipaka huacha chakula, anapata homa, anatapika maji ya njano au povu. Wengine huhara damu, wengine hufa kabla hata ya kuhara. Ishara moja waijue wote wanaofuga: kipaka hukaa mbele ya bakuli la maji, kichwa kimening'inia juu ya maji, na hanywi. Ukiiona hiyo, usiseme tutatazama kesho.

Maradhi mengine ya kuogopwa ni FIP, kifupi cha jina la Kiingereza feline infectious peritonitis. Hayo hutokana na virusi vya korona vya paka, ambavyo katika paka wengi huleta kuhara kidogo tu, lakini kwa wachache hugeuka ndani ya mwili na kuwa hatari. Kipaka hukonda mgongo huku tumbo likijaa maji, homa haishuki kwa dawa za kawaida, mara nyingine macho hubadilika rangi. Haya hayaendi kwa saa, huenda kwa siku na wiki. Zamani ilikuwa hukumu ya kifo. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis walichapisha matokeo ya dawa iitwayo GS-441524, na tangu hapo paka wengi duniani wamepona kwa kutibiwa kwa wiki 12. Dawa si rahisi kwa bei wala kwa kupatikana, lakini daktari akitaja FIP, muulize habari zake kabla ya kukata tamaa.

Saa za mwanzo, nyumbani

Mtenge. Kwenye nyumba zetu za mawe vyumba huingiliana, na kiwanda, yaani ua wa ndani, ni cha kila mtu, basi mahali pazuri ni bafuni au chumba chochote chenye sakafu ya saruji au vigae kinachofungika. Mpe bakuli lake, boksi lake na kitambaa chake, visitoke humo. Mtu mmoja tu amhudumie. Huyo aache ndara zake mlangoni mwa chumba, avae nyingine za ndani, na anawe kwa sabuni kila akitoka. Kutembea pekupeku hakusaidii, maana virusi hupanda nyayo kama vinavyopanda kiatu.

Kisha joto. Paka mzima wa afya huwa na joto la nyuzi 38 hadi 39.2, yaani zaidi yetu sisi, kwa hiyo ukimshika ukahisi yuko sawa na mkono wako, huenda tayari anapoa. Masikio na nyayo zikiwa baridi, tia maji ya moto kwenye chupa, ifunge kwa leso, iweke ubavuni mwake huku ukimwachia nafasi ya kujisogeza. Usimlishe kipaka aliyepoa. Tumbo lake halifanyi kazi, na chakula kinaweza kumpalia kikaingia mapafuni. Mpashe joto kwanza.

Akiwa amelegea lakini ana fahamu, mpake asali kidogo au maji mazito ya sukari kwenye fizi kwa kidole. Vipaka huishiwa sukari mwilini upesi wasipokula. Kama hatapiki, mpe maji matone machache kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, pembeni mwa mdomo, taratibu. Kama anatapika, usitie kitu mdomoni zaidi ya huo upako wa asali. Huyo anahitaji maji ya kuingizwa chini ya ngozi au kwenye mshipa, na hilo ni la daktari.

Sasa mambo ya kuepuka, na hapa nasema kwa ukali kwa sababu yanafanywa kila siku kwa nia njema. Usimpe paracetamol. Hata kipande kidogo cha tembe huua paka, kwa kuwa ini lake halina njia ya kuivunja. Asipirini nayo iache. Kitunguu thaumu, tunachokiamini kwa kila ugonjwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Maziwa ya ng'ombe huzidisha kuhara. Na ile dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrin usimpake paka hata tone.

Tahadhari moja zaidi: kipaka anayedondosha mate, asiyeweza kumeza, anayeuma bila kuchokozwa au anayepooza, usimtie kidole mdomoni kwa sababu yoyote, wala asali. Paka hupata kichaa cha mbwa. Ukiumwa au kukwaruzwa na paka wa namna hiyo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku ile ile, hata kama kidonda ni kidogo na kipaka ni wako wa miaka yote.

Kumfikisha kwa daktari wa mifugo

Namba ya daktari wa mifugo itafute leo ukiwa na utulivu, uiandike. Ofisi ya mifugo ya kaunti ni mlango mmoja. Mwingine ni kuuliza kwenye hospitali ya punda iliyopo ufuoni mwa mji tangu 1987: kazi yao ni punda, lakini watu wanaotibu wanyama katika kisiwa kidogo hujuana. Ukiwa Matondoni, Kipungani au Pate, piga simu kwanza kabla ya kutafuta boti, maana huenda daktari mwenyewe yuko ng'ambo Mokowe. Na katika miezi ya kusi, bahari inapochafuka, fanya hesabu ya maji na upepo mapema.

Mbebe kwenye kapu lenye kifuniko au boksi lililotobolewa matundu, na lile chupa la joto ndani. Usimpakate. Kichochoro cha Langoni asubuhi kimejaa punda na mikokoteni, na kipaka mgonjwa akishtuka hutoka mikononi akaenda kufia uvunguni mwa nyumba ya watu. Kwenye kliniki mwache ndani ya kapu hadi uitwe, asigusane na paka wengine.

Mwambie daktari: alianza lini kuacha kula, ametapika mara ngapi na rangi gani, amechanjwa au la, kuna paka wengine wangapi nyumbani. Kwa panilukopenia hakuna dawa ya kawaida inayoua virusi vyenyewe. Matibabu ni dripu, dawa ya kuzuia kutapika, antibiotiki kwa ajili ya wale bakteria wa utumboni, joto, na kurudishiwa chakula mapema pindi kutapika kunapotulia. Bila matibabu wengi sana hufa, na hata wanaotibiwa vizuri hupotea kwa kiasi cha kutisha. Kipaka akivuka siku ya tano, matumaini huongezeka sana. Hiyo ndiyo picha ya kweli, na ni heri uisikie kabla ya kutoa pesa kuliko baadaye.

Ulizia bei ya siku moja, si ya tiba nzima. Kisha jiamulie mwenyewe siku ngapi unaziweza. Hakuna aibu katika kusema naweza mbili.

Kujua pa kukoma

Kuna kipaka ambaye joto limeshuka na halipandi hata kwa chupa ya moto, hajibu akiitwa, analia kwa sauti nyembamba isiyo yake, au anapata kifafa. Huyo anakufa. Daktari anaweza kumchoma sindano ya dawa ya usingizi mzito ambayo husimamisha moyo bila maumivu. Baadhi ya watu hapa huona ni rehema, wengine huona kuwa uhai si wetu kuukata. Kama una wasiwasi wa dini, muulize shehe wako kwa uwazi, umweleze maumivu aliyo nayo mnyama, usimwulize kwa mkato.

Lisilo na mjadala ni njia nyingine zote. Kumtosa baharini ndani ya gunia, kumpa sumu, kumwacha jaani kwa kuwa "atajifia", hizo si rehema kwa dini yoyote wala kwa utu. Kama daktari hapatikani, kaa naye. Mweke pakavu, pasipo mwanga mkali na kelele, lowesha midomo yake kwa maji, na umwachie mkono wako akiutaka. Wapo wanaotaka kujificha wakati huo, nao waachwe.

Akishakufa

Hakikisha. Tazama kifua kwa dakika kadhaa, weka kidole ubavuni nyuma ya kiwiko cha mkono wa mbele usikilize moyo, gusa ukingo wa jicho kidogo uone kama anapepesa. Mwili huanza kukakamaa baada ya saa chache. Kwa joto letu, mzike siku ile ile.

Kwa Waislamu: paka akiwa hai ni tohara, mate yake hayaharibu maji wala nguo. Akifa, mwili ni mzoga na una hukumu ya najisi, basi osha kilichoguswa na umajimaji wake. Hasaliwi wala havishwi sanda, lakini kumfunika kwa heshima hakuna anayekukataza. Mfunge kwa kitambaa chakavu cha pamba au gunia la katani. Mifuko ya plastiki usiitafute: ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu 2017, na ardhini haiozi.

Pa kuzika ndipo pagumu, kwa sababu nyumba za mjini hazina ua wa udongo. Kiwandani usizike. Kuna kisima au birika la kuhifadhia maji karibu, na nyumba zimebanana kiasi kwamba kisima chako na cha jirani hunywa maji mamoja. Kwenye vilima vya mchanga vya Shela pia usizike, hata kama panaonekana ni pana na patulivu. Mchanga ule ndio unaochuja mvua na kuhifadhi maji tunayokunywa mji mzima. Ufuoni vilevile hapafai. Maji ya bamvua hupanda yakafukua, na kunguru watamaliza mbele ya macho ya watoto.

Kilichobaki ni shamba. Muombe mtu mwenye minazi nyuma ya mji, wengi hawakatai. Chimba futi tatu, mbali na kisima kwa mita 30 au zaidi, na kwa kuwa mchanga hubomoka, panua mdomo wa shimo kuliko unavyodhani. Ukishafukia, weka jiwe zito la matumbawe juu.

Kabla hujasema ni sumu

Panilukopenia huua haraka kiasi kwamba watu huona povu mdomoni, wanaona kipaka aliyecheza jana, na jibu linakuja lenyewe: amelishwa sumu. Kisha anatafutwa aliyelisha, na kila mtaa una mtu aliyewahi kulalamika kuhusu paka kumwibia samaki. Nimeona majirani wa ukuta mmoja wakinyimana salamu kwa jambo hili, na sioni kipaka ambaye angetaka hivyo.

Sumu ipo, sikatai. Ila tazama haya: paka waliokufa ni vipaka tu na wakubwa wamepona? Walikufa mmoja baada ya mwingine kwa muda wa siku kadhaa? Waliacha kula kwanza, wakawa na homa? Hayo ni maradhi zaidi kuliko sumu. Sumu haichagui umri, na mara nyingi huja na mtetemeko mkali ndani ya muda mfupi wa kula. Kama unahitaji uhakika, daktari anaweza kupasua na kuchunguza mwili kabla ya maziko, na mwili uwekwe kwenye barafu mpaka afike. Bila uchunguzi, nyamaza.

Kusafisha nyumba

Hii ndiyo hatua inayorukwa. Virusi vya panilukopenia huweza kukaa mwaka mzima ndani ya nyumba. Havifi kwa sabuni ya kawaida, havifi kwa spiriti ya kusafishia mikono, na jua peke yake usilitegemee. Ile dawa ya kunukia inayogeuka nyeupe ikitiwa maji nayo iache: nyingi za jamii hiyo zina sumu kwa paka, na virusi hivi havizijali. Kinachofanya kazi na kinachopatikana kila duka ni dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, ambayo wengi tunaiita jiki hata ikiwa ya kampuni nyingine.

Anza kwa kutupa. Mkeka wa ukindu, boksi, kapu, kamba ya kuchezea, godoro la sponji: vyote vyenye vinyweleo havisafishiki. Vichome moto. Najua leso aliyokuwa akilalia ndiyo utakayotaka kuibakisha. Ikibidi, ichemshe kwanza, kisha uiloweke kwenye klorini ukijua rangi itakwenda.

Halafu osha sakafu, kuta za chini, milango na bakuli kwa sabuni na maji mengi mpaka uchafu wote uondoke. Usiruke hapa, kwa sababu mbili: klorini hupotezwa nguvu na kinyesi na matapishi, na ikikutana na mkojo wa paka hutoa hewa inayochoma kifua. Ndimu na siki usizichanganye nayo kabisa.

Kipimo kinachotajwa kwa kawaida ni sehemu moja ya klorini kwa sehemu 32 za maji, lakini hicho ni kwa dawa yenye nguvu ya asilimia 5 na zaidi. Nyingi za madukani kwetu ni nyepesi kuliko hivyo. Soma chupa, na kama ni asilimia 3 na nusu hivi, tia moja kwa 20. Changanya upya kila siku, maana iliyolala hudhoofika. Mwaga sakafuni, iache imelowa kwa dakika 10 kamili, kisha suuza. Fungua madirisha. Kama nyumba yako ina birika lenye wale samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu, lifunike kwanza na usielekeze maji ya kusuuzia huko. Klorini itawamaliza samaki wote, kisha mbu watakuja kudai nafasi yao.

Kuta za chokaa na sakafu ya zamani iliyomomonyoka hunywa dawa bila kusafishika sawasawa. Rudia mara kadhaa, na kwa vyumba vya namna hiyo jichukulie kuwa virusi bado vipo.

Paka wakubwa waliobaki, kama hawakuchanjwa, wachanjwe haraka, isipokuwa mwenye mimba. Huyo mwonyeshe daktari kwanza, kwa kuwa chanjo yenye virusi hai vilivyodhoofishwa, kama ugonjwa wenyewe, huweza kudhuru ubongo wa vipaka walio tumboni wakazaliwa wakiyumba.

Kama alikufa kwa FIP, kazi ni nyepesi. Osha vizuri kwa sabuni na klorini, ngoja miezi miwili kabla ya kuleta mwingine, inatosha.

Watoto, na wewe mwenyewe

Mwambie mtoto "amekufa". Usimwambie amelala, ataogopa kulala. Usimwambie amekwenda Mokowe, atamtafuta kila boti ikifika. Akiuliza, "Bibi, ni mimi nilimuua?" kwa kuwa siku moja alimbana na mlango, mjibu kwamba hapana, yalikuwa maradhi ya tumbo, na umweleze maradhi hayo kwa maneno yake. Mwache aje mazikoni akitaka, ila asiuguse mwili.

Watu wazima nao hulia, na wengi hujificha kwa sababu barazani patakuwa na mtu wa kusema, "Paka wamejaa Lamu nzima, chukua mwingine." Usimjibu. Mtafute yule mmoja anayejua, kila mtaa anaye, mara nyingi ni mama mtu mzima anayetupia paka vichwa vya samaki kila alasiri. Huyo atasema pole na kunyamaza, na ndicho unachohitaji.

Kipaka wa pili

Kama wa kwanza alikufa kwa panilukopenia, asiingie kipaka asiyechanjwa katika nyumba ile kwa mwaka mzima. Ukitaka mapema, mchukue aliyemaliza chanjo zake zote na zikapita wiki mbili, au mchukue paka mkubwa. Wakubwa wasiotakiwa ni wengi, na tayari wamejifunza kutoiba.

Chanjo huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Sababu ya kurudia ni kinga aliyoipata kwenye maziwa ya mama: huizuia chanjo isishike, na hakuna ajuaye itaisha wiki ipi kwa kipaka yupi. Dozi moja tu, ambayo ndiyo wengi huishia, huweza kuwa kama hakuchanjwa. Ya kichaa cha mbwa huongezwa akitimiza wiki 12. Na uulize swali hili bila haya: chanjo ilivukaje kutoka bara? Inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8 muda wote. Iliyokuja ndani ya mfuko wa mtu kwenye boti ya saa sita mchana, hata ikiwa ya bei nafuu, isikubali.